Sanamaki: dawa nzuri inayouzwa bila siku ya kuacha

Ni vigumu kupita mbele ya meza ya dawa za asili katika soko la Mwanjelwa jijini Mbeya, Soko Kuu la Iringa au magulio ya Makambako na Tunduma bila kukuta sanamaki. Mara nyingine ni majani makavu yanayopimwa kwa kijiko; mara nyingine yamesagwa na kuchanganywa na tangawizi, mdalasini na mchaichai, kisha mchanganyiko huo ukapewa jina la chai ya kusafisha tumbo, chai ya kupunguza kitambi au chai ya kutoa sumu mwilini. Wauzaji wanasema ni ya asili na haina madhara. Baadhi ya wahudumu wa afya, kwa upande wao, wakisikia mgonjwa ametumia mitishamba humkemea kabla hawajamuuliza ametumia mti gani, kiasi gani na kwa muda gani. Kauli zote mbili zinamwacha mnywaji bila jibu la swali lenye uzito zaidi: ataacha lini, na siku atakapoacha mwili wake utafanya nini?

Sanamaki inafanya kazi, na jambo hilo linapaswa kusemwa waziwazi. Mmea wenyewe, ambao wataalamu huuita Senna alexandrina, ni kichaka cha maeneo makavu ya Misri, Sudan na Uarabuni, na leo hulimwa kwa wingi pia kusini mwa India. Mwaka 1941 mkemia Arthur Stoll na wenzake nchini Uswisi walitenganisha kutoka kwenye majani yake viini vinavyoitwa senosidi. Viini hivyo hupita kwenye tumbo na utumbo mwembamba karibu bila kuguswa. Vikifika kwenye utumbo mpana, bakteria wanaoishi humo huvigeuza kuwa kemikali inayoamsha mishipa ya fahamu iliyomo kwenye ukuta wa utumbo, misuli ikaanza kusukuma kwa nguvu, na wakati huohuo maji yanayofyonzwa kurudi mwilini yakapungua. Ndiyo maana anayeinywa usiku hupata choo asubuhi, baada ya saa 6 hadi 12, na ndiyo maana choo hicho huwa laini na mara nyingi huja na msokoto wa tumbo.

Shirika la Afya Duniani limeiweka sanamaki katika orodha yake ya dawa muhimu, tena katika sehemu mbili: miongoni mwa dawa za kulainisha choo na miongoni mwa dawa za tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza mateso ya mgonjwa mwenye ugonjwa mzito. Hili la pili linastahili kuangaliwa kwa makini. Mgonjwa wa saratani anayetumia mofini kwa maumivu makali karibu kila mara hufunga choo, kwa sababu mofini hupunguza mwendo wa utumbo, na mateso ya kufunga choo yanaweza kumfanya aikatae dawa ya maumivu yenyewe. Kwa mtu kama huyo, dawa ya jamii ya sanamaki inayotolewa kila siku chini ya uangalizi ni huruma iliyo katika umbo la kidonge. Hata kwa watu wa kawaida wenye tatizo sugu ushahidi upo: katika utafiti uliofanyika Japani na kuchapishwa mwaka 2021, wagonjwa 90 waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu kwa siku 28, na karibu asilimia 70 ya waliopewa sanamaki walipata nafuu, ilhali miongoni mwa waliopewa kidonge kisicho na dawa ndani yake waliopata nafuu walikuwa asilimia 12 hivi.

Kwa hiyo sina ugomvi na mmea huu. Ugomvi wangu ni na namna unavyouzwa, kwa sababu wengi wanaoununua katika masoko yetu hawana tatizo la choo hata kidogo. Wananunua kitambi kipungue, au wameambiwa kuwa mwili umejaa sumu na unahitaji kusafishwa kila mwezi, na wengine kila wiki.

Madai ya kupunguza mwili hayasimami, na sababu yake iko kwenye njia ya chakula yenyewe. Wanga, mafuta na protini hufyonzwa kwenye utumbo mwembamba, na sanamaki huanza kazi chakula kikishavuka hapo. Watafiti wa Marekani walilipima jambo hili na kuchapisha matokeo mwaka 1983: hata kwa kiwango kikubwa cha dawa ya kuharisha, kinachomtoa mtu lita kadhaa za choo cha maji, nishati iliyofyonzwa kutoka kwenye chakula ilipungua kwa asilimia 12 tu. Kilo mbili zinazopotea kwenye mizani baada ya siku tatu za chai hiyo ni maji na choo kilichokuwa njiani, basi. Mafuta ya tumboni yako palepale. Kuhusu sumu, kazi ya kuziondoa hufanywa na ini na figo usiku na mchana, na utumbo mpana haumo katika kazi hiyo kwa namna ambayo kuharisha kungeisaidia.

Tazama sasa pakiti moja ya kawaida, ya aina inayouzwa kwa bei ambayo mama lishe au bodaboda anaimudu. Mbele kuna picha ya kiuno chembamba. Nyuma yameorodheshwa magonjwa, kuanzia gesi tumboni hadi bawasiri, chunusi, uzito na uchovu, kisha maelekezo ya mstari mmoja: chemsha kijiko kimoja kwenye maji, kunywa kikombe asubuhi na jioni. Hakuna mahali palipoandikwa kijiko hicho kina gramu ngapi, sanamaki ni sehemu gani ya mchanganyiko, wala ni kwa siku ngapi. Hesabu yake si ngumu. Majani mazuri ya sanamaki kwa kawaida huwa na takribani asilimia 2.5 ya senosidi, yaani gramu 1 ya majani hubeba takribani miligramu 25, na kiwango cha juu kinachopendekezwa kwa mtu mzima ni miligramu 30 kwa siku. Konzi dogo la gramu 5, ambalo mtu hulitumbukiza kwenye sufuria bila kufikiri, lina miligramu 125. Si zote zitakazotoka kwenye majani na kuingia kwenye maji, lakini hata nusu yake imeshavuka mpaka maradufu. Shirika la dawa la Umoja wa Ulaya hushauri pia kwamba sanamaki isitolewe kwa watoto walio chini ya miaka 12 na isitumiwe zaidi ya wiki moja au mbili bila uangalizi wa mtaalamu. Mara nyingi inatosha kuinywa mara mbili au tatu kwa wiki.

Utegemezi huanza namna gani? Watu wengi hudhani ni hadi utumbo uharibike, kumbe huanza mapema zaidi, na kwa jambo linaloonekana dogo. Kwa kawaida mtu anapopata choo, anatoa kilichomo katika sehemu ya mwisho tu ya utumbo mpana. Sanamaki kwa kiwango kikubwa huutoa mzigo wote. Baada ya hapo utumbo unahitaji siku mbili au tatu za kula ili ujae tena, na katika siku hizo mtu hapati choo kwa sababu hakuna cha kutoka. Asiyelijua hili anaingiwa na hofu. Anajiambia kwamba tumbo limefunga tena, na safari hii limefunga kuliko mwanzo, anachemsha majani mengine usiku wa pili, na mzunguko umeanza. Mtu huyo hajafungwa na kemikali bado. Amefungwa na kutojua kwamba siku mbili za ukimya baada ya kuharisha ni za kawaida, kama ambavyo watu wenye afya njema hutofautiana kuanzia choo mara tatu kwa siku hadi mara tatu kwa wiki.

Kisha huja hatua ya pili, ambayo ni ya mwili kweli. Anayeharisha mara kwa mara hupoteza maji na chumvi, na mwili hujitetea kwa kuongeza homoni zinazoziamuru figo zishike maji na chumvi. Siku anapoacha chai ghafla, homoni hizo haziachi siku hiyohiyo. Miguu huvimba, uso huvimba asubuhi, mizani inapanda kilo mbili au zaidi ndani ya wiki. Mwanamke aliyeanza chai hiyo ili apungue ataona nini? Ataona kwamba bila chai ananenepa, na atairudia akiwa na uhakika kuliko mwanzo. Hapa ndipo ninaposhika kichwa, kwa sababu uvimbe huo ungeondoka wenyewe baada ya siku kadhaa hadi wiki chache kama kungekuwa na mtu wa kumwambia avumilie.

Kuna madai mengine yanayosambaa, kwamba sanamaki huua mishipa ya fahamu ya utumbo na kumfanya mtu asipate choo tena maisha yake yote. Hapa tunapaswa kuwa waangalifu tusimtishe msomaji kwa jambo ambalo sayansi haijalithibitisha. Madai hayo yalitokana kwa sehemu kubwa na picha za mionzi na vipande vya utumbo vya watu waliotumia dawa za kuharisha kwa miaka mingi na kwa viwango vikubwa mno, baadhi yake zikiwa dawa ambazo leo hazitumiki. Mapitio ya kitaalamu yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kwamba kwa viwango vinavyopendekezwa ushahidi wa madhara hayo ni dhaifu. Weusi unaoonekana kwenye ukuta wa utumbo wa watumiaji wa muda mrefu pia hufifia ndani ya miezi kadhaa baada ya kuacha. Hata hivyo, kukosekana kwa ushahidi wa madhara kwa dozi ndogo hakumsaidii mtu anayekunywa konzi zima kila jioni kwa miaka miwili. Mwaka 2002 Marekani iliziondoa dawa za kulainisha choo zenye shubiri katika orodha ya zile zinazouzwa bila cheti cha daktari, kwa kuwa watengenezaji hawakuleta takwimu za kuthibitisha usalama wake. Shubiri ina kemikali za ukoo mmoja na za sanamaki, na kwetu hupandwa kwenye makopo nje ya nyumba na kunywewa kwa uhuru uleule.

Si kila utegemezi wa mimea ni wa namna moja. Wakazi wa Rungwe na Mufindi wanaoishi katikati ya mashamba ya chai, na wale wa Mbozi wanaoishi katikati ya kahawa, wengi wao wamewahi kuumwa kichwa siku waliyokosa kikombe cha asubuhi. Hicho ni kilio cha ubongo uliozoea kafeini, kinachoanza saa 12 hadi 24 baada ya kuacha na kwa kawaida kuisha ndani ya siku 9. Katika ukoo uleule wa mbuni, yaani mti wa kahawa, upo mti wa Thailand na Malaysia uitwao kratom, ambao majani yake hutafunwa au kunywewa kwa uchovu na maumivu, na ambao kemikali zake hushika mahali palepale kwenye ubongo panaposhikwa na mofini. Thailand iliupiga marufuku mwaka 1943 na kuuruhusu tena mwaka 2021. Utafiti wa Malaysia uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta zaidi ya nusu ya watumiaji wa mara kwa mara wakiwa na utegemezi mkali, wenye maumivu ya misuli, kukosa usingizi na mafua pale wanapoacha. Sanamaki haimvuti mtu kwa njia hiyo. Haileti raha wala kiu ya kuitaka tena. Lakini ndiyo maana wengi hawaamini kwamba wametegemea, kwani picha yetu ya utegemezi ni ya mtu anayetetemeka kwa kukosa kilevi, wala si ya mama mtulivu anayechemsha majani kila usiku kabla ya kulala.

Hatari inayonitia hofu zaidi haihusu utumbo. Ni potasiamu, madini ambayo misuli yote hutegemea, pamoja na moyo, na ambayo hupotea kwa wingi kwenye kuharisha. Chukua mfano wa bibi wa miaka 65 mwenye presha, anayemeza kila asubuhi kidonge cha kukojoza alichopewa kituo cha afya. Kidonge hicho nacho huondoa potasiamu kupitia mkojo. Mjukuu wake anamletea chai ya kusafisha tumbo kutoka mjini kama zawadi, naye anainywa kwa moyo mweupe. Baada ya wiki chache miguu inakosa nguvu, anashindwa kupanda mlima kwenda shambani, moyo unadunda bila mpangilio, na nyumbani wanasema ni uzee. Ikiwa anatumia pia digoksini kwa ajili ya moyo, upungufu huo wa potasiamu unaigeuza dawa yake kuwa sumu. Akifika hospitali na kuulizwa dawa anazotumia, atataja vidonge tu. Chai haitaji, kwa kuwa kwake si dawa.

Kwa sababu hiyo naona swali la mhudumu wa afya lina thamani kubwa kuliko kemeo lake. Mgonjwa anayejua kwamba atagombezwa hujifunza kunyamaza. Anayeulizwa kwa utulivu, "Mama, kuna majani au chai yoyote unayokunywa nyumbani?" atajibu, na jibu lake linaweza kuokoa maisha.

Na kwa nini choo kinakuwa kigumu katika nchi iliyojaa maharage? Jibu la sehemu kubwa ni ugali wa sembe. Mahindi yaliyokobolewa hubaki na wanga huku pumba zenye nyuzinyuzi zikienda kwa kuku na nguruwe. Ongeza baridi ya Juni na Julai, ambapo kuanzia Uyole hadi Njombe mtu anaweza kumaliza siku kwa vikombe viwili vya chai bila kugusa maji, na choo kigumu hakiwi cha kushangaza. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku kwa mtu mzima. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa kina zaidi ya gramu 10, na gramu 100 za parachichi, ambalo Rungwe na Njombe wanalisafirisha hadi Ulaya, zina karibu gramu 7. Dona, makande na mboga za majani zitafikisha kilichobaki. Mabadiliko haya hayaleti matokeo kesho asubuhi. Yanahitaji wiki mbili au tatu, maji ya kutosha, na mazoea ya kwenda chooni baada ya kifungua kinywa, muda ambao utumbo wenyewe huwa umeamka.

Anayekunywa sanamaki kila siku kwa muda mrefu asiache kwa kishindo. Apunguze kiasi polepole kwa wiki kadhaa, huku akiongeza vyakula hivyo na maji, na akubali mapema kwamba kutakuwa na siku za ukimya na pengine uvimbe kidogo wa miguu. Mwenye presha, kisukari, ugonjwa wa moyo au figo afanye hivyo akiwa na daktari, na apimwe potasiamu. Mjamzito aliyefungwa choo na vidonge vya kuongeza damu aseme kliniki badala ya kujitibu sokoni, kwa kuwa zipo njia nyepesi zaidi za kumsaidia.

Tanzania haikukosa vyombo. Ipo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, ambayo iliunda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Ipo Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Ipo ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na ipo Taasisi ya Tiba Asili pale Muhimbili, ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1974. Ninachodai ni kidogo na hakihitaji sheria mpya: kila pakiti yenye sanamaki iitaje sanamaki kwa jina, iseme ina gramu ngapi kwa kikombe, iandike kwa herufi zinazosomeka kwamba isinywewe zaidi ya wiki moja mfululizo bila ushauri, na iwataje watoto, wajawazito na wanaotumia vidonge vya kukojoza. Picha ya kiuno chembamba iondolewe, kwa sababu ni ahadi ambayo majani hayo hayawezi kuitimiza. Hatua hizi hazimnyimi mganga halali riziki yake. Mganga anayeijua kazi yake amekuwa akiwauliza wagonjwa wake maswali hayo muda wote, na ni yeye anayeumizwa na mchuuzi asiyeuliza lolote.

Wapo pia ambao hawapaswi kuonja kabisa kabla ya kuonwa na daktari. Ni mwenye maumivu makali ya tumbo yaliyoanza ghafla, kwani huenda ni kidole tumbo au utumbo uliojisokota, na kuulazimisha kusukuma kunaweza kuupasua. Ni mwenye kutapika huku tumbo likiwa limevimba na hewa haitoki. Na ni mtu aliyevuka miaka 50 ambaye choo chake kimebadilika bila sababu, kina damu, au amekonda bila kukusudia. Kwa huyu wa mwisho sanamaki italeta choo kweli, na nafuu hiyo ya uongo inaweza kumchelewesha miezi ambayo saratani ya utumbo mpana ingeweza kugundulika ikiwa bado inatibika. Safari yake iwe ya hospitali ya wilaya wiki hiyohiyo, na kama atapewa rufaa ya kwenda Mbeya au Iringa kwa uchunguzi zaidi, asiiahirishe hadi baada ya mavuno.